Nani Amekatisha Dozi? Safari ya Dawa za Kifua Kikuu Afrika Mashariki

Kabla ya 1944 hapakuwa na mtu duniani aliyekatisha dozi ya kifua kikuu, kwa sababu dozi yenyewe haikuwepo. Mgonjwa alipewa kitanda, hewa safi, maziwa na muda. Kibong'oto, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, wagonjwa wa kifua walianza kupokewa mwaka 1926, enzi ya Waingereza, kwa imani ileile iliyojenga hospitali za milimani huko Uswisi: kwamba baridi na mapumziko vitafanya kazi iliyozishinda dawa. Robert Koch alikuwa amewaonyesha wenzake bakteria wa ugonjwa huu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini kwa miaka 60 iliyofuata ujuzi huo haukumpa mgonjwa hata kidonge kimoja cha kumponya. Wachache wenye bahati walipata nafuu. Wengi walirudi kwao kufa, au hawakurudi kabisa.

Streptomaisini ilipopatikana Marekani mwaka 1943, kazi ya kijana Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, ilionekana kama vita vimekwisha. Havikuwa vimekwisha. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha kwamba wagonjwa waliinuka haraka, kisha wengi wao wakaanguka tena kwa kuwa bakteria walikuwa wameizoea dawa. Ikaongezwa PAS, na mwaka 1952 ikaja isoniazidi. Dawa hizo zilipotumiwa kwa pamoja, madaktari wakagundua kwamba karibu kila mgonjwa anaweza kupona, mradi asiache dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Sharti hilo ndilo lililozaa kisa chote kinachofuata. Kifua kikuu ni ugonjwa mjanja. Wiki chache tu baada ya kuanza dawa, kikohozi hupungua, homa ya jioni hukatika, hamu ya chakula hurudi na suruali huanza kubana. Mgonjwa anajiona mzima. Majirani nao wanamwona mzima. Lakini ndani ya mapafu wamebaki bakteria wachache waliolala, wasioshughulika na chochote, na dawa huwafikia polepole mno. Anayeacha katika mwezi wa tatu huwaachia hao waamke, na safari hii huenda dawa ileile isiwaweze. Kwa hiyo tiba ilimtaka mtu asiyeumwa popote ameze kila siku dawa zinazomchafua tumbo, kwa miezi mingi, kwa sababu ya kitu asichokiona.

PAS pekee ilitosha kumkimbiza mtu. Mgonjwa alitakiwa kumeza gramu 10 au zaidi kwa siku, rundo la dawa chungu iliyoleta kichefuchefu na kuharisha. Hospitalini muuguzi alisimama kitandani hadi iishe. Nyumbani hakuna aliyesimama.

Madras, 1956

Swali la nyumbani au hospitalini lilijibiwa kwanza nchini India. Mwaka 1956 kituo cha utafiti kilifunguliwa mjini Madras, leo Chennai, kwa ushirikiano wa serikali ya India, Shirika la Afya Duniani na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Aliyekiongoza alikuwa daktari Mwingereza, Wallace Fox. Wagonjwa 193 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walilazwa hospitalini wakala vizuri na kupumzika, nusu wakabaki kwenye nyumba zao zilizojaa watu, wakila walichopata na kufanya kazi zao. Wote walipewa dawa zilezile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1959 yaliwashangaza wakubwa wa fani hiyo. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, na ndugu waliolala nao chumba kimoja hawakuambukizwa zaidi ya ndugu wa wale waliopelekwa hospitali.

Enzi ya hospitali za milimani ikafikia mwisho kwa jaribio moja. Nchi maskini, ambazo kamwe zisingeweza kujenga vitanda vya kutosha, ziliambiwa kwamba hazivihitaji.

Ila Fox aliona jambo jingine. Watumishi wake walikuwa wakibisha hodi majumbani bila taarifa, wakahesabu vidonge vilivyobaki na kupima mkojo ili kujua kama dawa imepita mwilini. Hesabu hazikulingana. Mwaka 1958 aliandika makala nzima kuhusu tatizo la mgonjwa kuachiwa ajimezee dawa mwenyewe, na rai yake ikawa kwamba pale inapowezekana dawa imezwe mbele ya mtoa huduma. Madras na Hong Kong zilianza kufanya hivyo kwa wagonjwa wa nje. Mbegu ya sera itakayotawala dunia miaka 40 baadaye ilipandwa hapo, pamoja na shaka itakayoifuata: mgonjwa akiachwa peke yake, haaminiki.

Kidonge kimoja kwa siku

Afrika Mashariki ililishughulikia tatizo hilohilo kutoka upande mwingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, hospitali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilijiunga na Baraza la Utafiti la Uingereza katika mfululizo wa majaribio. Swali lilikuwa la kimaskini kabisa: ipo dawa ya bei nafuu inayoweza kushika nafasi ya PAS? Ilikuwepo. Thiasetazoni, iliyotengenezwa Ujerumani na Gerhard Domagk na wenzake, ilichanganywa na isoniazidi katika kidonge kimoja cha kumeza mara moja kwa siku. Mgonjwa aliyekuwa akirudi nyumbani na mfuko mzima wa PAS sasa aliondoka na vidonge vinavyoenea mfukoni. Ikiongezewa sindano za streptomaisini katika miezi miwili ya mwanzo, dozi hii ya mwaka mmoja ikawa tiba ya kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika.

Wagonjwa walikuwa walewale, umaskini uleule, na barabara zilezile. Kilichobadilika kilikuwa dawa, na kumeza dawa kukawa kwepesi.

Hatua kubwa zaidi ilitoka hapahapa. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la Afrika Mashariki na Uingereza, ambapo upimaji wa makohozi ulisimamiwa na mtaalamu wa bakteria Denny Mitchison. Lilionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi 6 inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mwaka na nusu. Wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania waliojitolea makohozi yao mwezi baada ya mwezi ndio waliofupisha dozi inayomezwa leo kila pembe ya dunia. Jambo hilo halisemwi mara nyingi.

Tatizo lilikuwa bei. Rifampisini ilikuwa ghali, na wataalamu wengi waliona ni hatari kuipeleka vijijini Afrika, ambako wagonjwa wangeiacha katikati na kuzalisha bakteria sugu. Dawa bora ikabaki kwa wenye nazo.

Manyatta ya Wajir

Wafugaji wa kuhamahama wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikuwa mtihani mgumu kuliko wote. Familia inayofuata mvua haiwezi kurudi zahanati kila mwezi. Huwezi kuwaambia ngamia wasubiri tarehe ya kliniki. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kuwalaza hospitalini, na jibu la wagonjwa lilikuwa kutoroka, kwani Msomali wa nyika aliyefungiwa wodini miezi mingi alijiona yuko gerezani.

Mjini Wajir aliishi Mwitaliano, Annalena Tonelli, mwalimu aliyejifunza kazi ya kifua kikuu akiwa huko. Mwaka 1976 alipewa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji. Badala ya wodi alianzisha kijiji. Wagonjwa waliishi katika vibanda vya aina ileile waliyoizoea, wakiwa na wenzao wa lugha moja na dini moja, karibu na anayewapa dawa. Kila siku walimeza dawa mbele yake, na ilipotimia miezi sita waliondoka kufuata mifugo. Watu waliuita mpango huo manyatta ya TB, yaani ya kifua kikuu, na serikali ya Kenya ikaueneza katika wilaya nyingine za wafugaji.

Tonelli mwenyewe hakubaki. Baada ya mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, alisaidia kuwatafuta majeruhi na kuwazika waliokufa, akapaza sauti, na hatimaye akafukuzwa nchini. Aliendelea na kazi hiyohiyo Somalia, kisha mjini Borama, ambako aliuawa kwa risasi Oktoba 2003, mwaka uleule aliotunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Rejista ya Tanzania

Mwaka mmoja baada ya kijiji cha Wajir, Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake alikuwa Karel Styblo, Mcheki aliyekuwa akifanya kazi The Hague nchini Uholanzi. Styblo aliujua ugonjwa huo mwilini mwake: aliupata akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Fedha za mpango zilitoka hasa Uswisi na Uholanzi.

Tanzania ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi maskini hazikuwa nacho. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na matibabu yalikuwa bure. Ubovu ulikuwa kwamba hakuna aliyejua kinachompata mgonjwa akishaondoka na vidonge vyake. Styblo na wenzake Watanzania, akiwemo Dk. H. J. Chum, hawakuja na dawa mpya kwanza. Walikuja na rejista. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye kitabu cha wilaya, akapewa kadi, na baada ya muda wa dozi kuisha ilibidi kila jina liwe na jibu: amepona, amemaliza dawa, amefariki, dawa imeshindwa, amehama, au ametoroka. Kila wilaya ikawa na mratibu wake wa kifua kikuu na ukoma, mwenye pikipiki ya kumfikia hadi mgonjwa wa kijiji cha mwisho. Kila robo mwaka hesabu zilitumwa juu.

Ni jambo dogo kulitamka, lakini liligeuza mambo. Awali zahanati iliweza kujisifu kwa idadi ya wagonjwa iliowaanzishia dawa. Sasa iliulizwa wangapi wamemaliza. Asiyeonekana kliniki hakufutwa kwenye hesabu. Aliendelea kuhesabiwa dhidi ya wilaya yake.

Rejista hizo zilionyesha wazi kwamba kwa dozi ya mwaka mmoja wagonjwa wengi mno walikuwa wakipotea njiani. Hivyo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilithubutu kufanya kile ambacho wakubwa walikihofia: kuwapa wanavijiji rifampisini. Ilifanya hivyo kwa tahadhari. Miezi miwili ya kwanza, yenye dawa kali na ghali, mgonjwa alimeza chini ya uangalizi, na anayeishi mbali alilazwa. Miezi sita iliyobaki alimeza thiasetazoni na isoniazidi nyumbani, akichukua dawa kila mwezi. Karibu wagonjwa 8 kati ya 10 walipona, kiwango ambacho dozi ndefu haikukikaribia. Malawi na Msumbiji zikaiga, kisha Benin na Nikaragua.

Wachumi wa Benki ya Dunia walipopiga hesabu, waligundua kwamba tiba hii ni miongoni mwa zile zinazookoa maisha kwa gharama ndogo kabisa, na taarifa ya benki hiyo ya mwaka 1993 iliitaja hivyo. Mwaka uleule Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia. Ilipofika 1995 utaratibu wa Tanzania ulikuwa umepewa jina jipya Geneva, DOTS, na kuuzwa duniani kote kama dawa ya tatizo. Herufi za mwanzo za jina hilo zilisisitiza kutazamwa: mgonjwa ameze, mtumishi aone. Rejista, dawa zisizokatika ghalani na maabara zilikuwemo, lakini zilisukumwa nyuma.

Dawa iliyostahili kuachwa

Wakati sifa zinamiminika, nyumba ilikuwa inawaka moto. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. VVU vikafungua mlango kwa bakteria waliolala miilini mwa mamilioni ya watu. Wagonjwa wa kifua kikuu waliosajiliwa kwa mwaka nchini walipanda kutoka takriban 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 katikati ya miaka ya 2000. Wodi hazikutosha, na kulaza kila mtu miezi miwili kukawa ndoto.

Kuna jingine lililojitokeza Nairobi. Baadhi ya wagonjwa walianza kubabuka ngozi, midomo na macho yakachubuka kama walioungua, na wengine wakafa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulitaja chanzo: ni thiasetazoni, ile dawa rahisi iliyoleta nafuu miaka 30 kabla, na walioathirika zaidi ni wenye VVU. Wapo waliokuwa wameiacha kwa hofu ya muwasho na kuandikwa watoro. Walikuwa wameokoa ngozi zao, na pengine roho. Thiasetazoni ikaondolewa taratibu, nafasi yake ikachukuliwa na ethambutoli.

Tangu hapo swali la kwa nini mtu anaacha dawa halikuweza tena kujibiwa kwa neno moja. Watumishi waliosikiliza walisikia mengi. Kituo kiko mbali na nauli hakuna. Mgonjwa ni kibarua, na kila asubuhi ya kliniki ni siku isiyolipwa. Dawa zinauma tumboni pasipo chakula, na chakula hakipo. Mkojo umegeuka rangi ya machungwa kwa rifampisini na hakuna aliyemwonya, akadhani anatoka damu. Mke hataki aonekane kwenye foleni ya TB kwa kuwa mtaa mzima utasema ana Ukimwi. Mwezi wa Ramadhani unaingia, na mtu hajui kwamba anaweza kuzungumza na muuguzi ili dawa ihamie usiku kabla ya daku. Mengine hayakuwa ya mgonjwa hata kidogo: amefika kituoni akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo.

Nani asimame na mgonjwa?

Mwaka 1998 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha jaribio kutoka Cape Town lililoitikisa DOTS. Wagonjwa waliojimezea dawa wenyewe nyumbani walipona sawa na waliolazimika kumezea mbele ya muuguzi. Kumtazama mtu, peke yake, hakukuongeza kitu. Mjadala mkali ukafuata, na watetezi wa DOTS wakasema, kwa haki, kwamba utaratibu wa Tanzania haukuwahi kuwa kutazamana tu.

Tanzania yenyewe ilifanya majaribio mawili. Moja lilikuwa Kilombero, wilaya ya mashamba ya mpunga na miwa ambako mvua hukata barabara. Jingine lilikuwa Temeke, Dar es Salaam, kwenye mitaa iliyosongamana. Badala ya kwenda kituoni kila siku, mgonjwa alimchagua mtu wa kumsimamia: mke, mzazi, ndugu, jirani, au mtu aliyewahi kuugua TB akapona. Temeke, asilimia 85 ya waliosimamiwa na watu wao walimaliza matibabu vizuri, dhidi ya asilimia 83 ya waliokwenda kituoni. Kilombero nako tofauti haikuwa kubwa. Kuanzia 2006 Wizara ya Afya ilianza kueneza utaratibu wa kumweka mgonjwa mbele: anayeanza dozi anaulizwa achague kati ya kituo na nyumbani, na msimamizi wake anaitwa afundishwe. Wengi walichagua nyumbani. Miaka 30 baada ya rejista ya Styblo, mgonjwa alipata nafasi ya kuulizwa.

Wakati huohuo dharau ya zamani ilikuwa ikijirudia kwa dawa nyingine. Mwaka 2001, dunia ilipokuwa inabishana kama Waafrika wapewe ARV, dawa za VVU, Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Jibu lilikuja kwa takwimu. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba asilimia 77 ya wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wakimeza ARV ipasavyo. Amerika Kaskazini walikuwa asilimia 55. Jinja, Uganda, shirika la TASO liliwatuma wahudumu wasio wauguzi kwa pikipiki kupeleka dawa majumbani kila mwezi. Matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha kwamba wagonjwa hao waliendelea vizuri sawa na wale wa kliniki, nao wakaokoa nauli.

Kapsabet, Agosti 2010

Hata hivyo, wapo waliobaki na fimbo mkononi. Agosti 2010 afisa wa afya ya umma aliwafikisha wagonjwa wa TB mbele ya mahakama ya Kapsabet, Kaunti ya Nandi, kwa kosa la kuacha dawa. Hakimu alitumia Sheria ya Afya ya Umma, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, akaamuru wafungwe jela miezi minane ili wamalizie dozi humo. Wakaingizwa katika gereza lililojaa, wakalala na wafungwa wengine, wagonjwa wa ugonjwa unaosambaa kwa hewa. Walikaa siku 46 kabla ya Mahakama Kuu ya Eldoret kuamuru waachiwe.

Kesi iliendelea kwa miaka. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi aliamua kwamba kumfunga mgonjwa jela kwa sababu ya kuacha dawa ni kinyume cha Katiba. Sheria, alieleza, inaruhusu kumtenga mgonjwa hatari mahali pa matibabu; jela si mahali pa matibabu. Serikali iliagizwa kuandaa sera inayolinda jamii bila kuvunja haki za mgonjwa.

Kwa bahati, miaka hiyohiyo Kenya ilikuwa inaonyesha njia ya upole zaidi. Kati ya 2007 na 2009, watafiti waliwagawa watu 538 wanaoanza ARV katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki, wa neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Ujumbe haukutaja VVU wala dawa, hivyo hata simu ikishikwa na mwingine hakuna siri iliyotoka. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliopokea ujumbe walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wengine.

Jaribio jingine, lililochapishwa 2019, liliwahusu wagonjwa wa TB zaidi ya 1,000 katika kliniki 17 za Nairobi na maeneo ya karibu. Kwa simu yoyote ile, hata ya kitochi, mgonjwa alithibitisha kila siku kwamba amemeza, na akinyamaza alitafutwa na mtu anayemsikiliza. Kati ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, asilimia 13.1 waliishia vibaya, kwa kufa, kushindwa kwa dawa au kupotea. Kwa waliotumia simu ilikuwa asilimia 4.2.

Bado gharama

Kibong'oto ilirudi kwenye habari mwaka 2009, Tanzania ilipoanza huko kuwatibu wagonjwa wa TB sugu. Dozi ilichukua hadi miaka miwili, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya sindano kila siku ambazo ziliwaacha baadhi ya watu viziwi. Kumlaumu mgonjwa kwa kukimbia tiba ya namna hiyo kungehitaji moyo wa jiwe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kumeza zichukue nafasi ya sindano hizo, na mwaka 2022 likaidhinisha dozi ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa aina hii.

Ukizipanga tukio kwa tukio, habari hizi zinatoa hukumu iliyo wazi. Kila mara idadi ya wanaomaliza dozi ilipopanda Afrika Mashariki, kilichobadilika kilikuwa dawa, umbali, ratiba au namna mgonjwa anavyosemeshwa. Jela haikuongeza hata mmoja.

Kazi iliyobaki inajulikana kwa takwimu. Katika Tanzania na Kenya dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Lakini utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2017 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya familia zenye mgonjwa wa TB ya kawaida zilitumia au kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya pato lao la mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo: nauli, chakula, vipimo na siku za kazi zilizopotea. Kwa familia za wagonjwa wa TB sugu, ilikuwa zaidi ya 8 kati ya 10. Bajeti za afya zinazopangwa Dodoma na Nairobi zinapaswa kuanzia hapo.